Huzuni ya Kuagizwa

Watu wanadhani huzuni haina gharama. Unakaa, unakumbuka mambo yako, inakuja yenyewe. Hao ni watu ambao hawajawahi kuombwa waitoe kwenye gitaa, tena irekodiwe, tena iwe imefika kabla ya Ijumaa.

Mpwa wangu anaolewa. Kamati ya harusi, ambayo imeninyima usingizi tangu niandike ahadi yangu ya mchango, imegundua kwamba ujanani niliwahi kupiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya mtaani. Sijui nani kawaambia, namshuku shemeji. Basi wakaamua nichangie na muziki. Si kupiga ukumbini, huko kuna DJ, kuna MC na kuna mashine ya moshi. Mimi nirekodi nyumbani, wao watauweka wakati picha za utotoni za bibi harusi zinapita kwenye skrini, ili wakina shangazi wapate pa kulilia. Wimbo ni "Malaika". Gitaa kavu, bila ngoma, bila kinanda.

"Mjomba," mwenyekiti wa kamati akanieleza, "tunataka ile sauti ya joto. Laini. Iwe na majonzi kidogo, lakini yasizidi."

Yasizidi. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi, nimelipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, nimegombea mlango wa mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi. Majonzi nayajua. Kipimo cha majonzi yasiyozidi sijawahi kuonyeshwa.

Na huo wimbo wenyewe! Kila harusi unapigwa, na kila harusi najiuliza kama kuna mtu amewahi kuusikiliza. Ni habari ya kijana aliyekwama. Anampenda binti, mfuko umetoboka, ndoa haipo. Fadhili William na Jambo Boys wake waliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo ukikaa na wazee wa muziki wanaweza kugombana mpaka chai ipoe kuhusu nani hasa aliutunga, yeye au Adam Salim. Miriam Makeba akautembeza duniani, akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965. Boney M. wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Umepita kwenye mikono ya watu wenye fedha zao, na hakuna hata mmoja aliyemtafutia yule kijana mahari. Sasa sisi tunaupiga mbele ya mwanamume ambaye mahari ameshamaliza na picha za kukabidhi anazo. Nilimweleza mwenyekiti. Akasema, "Mjomba, watu wanapenda melodi."

Haya, melodi.

Tatizo la kwanza ni kwamba wimbo huu, kimuziki, hauna huzuni. Jirani yangu, ambaye ujuzi wake wa muziki ni kumiliki redio kubwa, alinishauri niupige kwa zile koodi za maina, zenye kulia. Nikamwambia "Malaika" ni wa meja, mwanzo hadi mwisho. Ukiupiga kwenye G unahitaji G, C na D, koodi tatu ambazo kila mtoto wa shule ya Jumapili anazijua, na zote zinacheka. Majonzi yote yamebebwa na maneno na mwendo. Sasa mimi nimeambiwa nisiimbe. Maneno yameondoka. Kilichobaki cha kunisaidia ni mwendo na sauti ya gitaa lenyewe, na hapo ndipo mateso yalipoanzia.

Gitaa langu ni lile ambalo wazee wa dansi wakiliona wanaliita galatoni, jina lililobaki mdomoni tangu enzi za magitaa ya Gallotone kutoka Afrika Kusini. John Lennon, kabla hajawa John Lennon, mwaka 1957 alianza na Gallotone Champion, na ndani ya tundu lake kulikuwa na kibandiko kilichoahidi kwamba gitaa hilo halitapasuka. Langu halikuja na ahadi yoyote, na limepasuka. Ufa umeanzia kando ya daraja unaelekea mashariki. Wanaotengeneza magitaa wanashauri yakae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ya Dar kupita asilimia 70 ni jambo la siku yoyote. Ubao unakunywa unyevu, unavimba, tumbo linatoka, daraja linainuka, nyuzi zinapanda juu mpaka kuzibana inakuwa kazi ya mtu wa kubeba mizigo bandarini. Kisha unasafiri Dodoma kwenye msiba, ubao unakauka ghafla, ndipo unapasuka. Watu waliniuliza kwa nini niliingia na gitaa msibani. Hilo ni suala jingine.

Nikaenda Kariakoo kutafuta nyuzi. Hapa nataka nieleze kwa utaratibu maana bado nina hasira.

Nyuzi mpya za chuma zinametameta, na sauti yake inametameta vilevile. Zinafaa kwa mtu anayetaka kusikika hadi Kigamboni. Ukitaka sauti ya joto, nyuzi zinatakiwa ziwe zimetumika kidogo, jasho la vidole na uchafu vimeingia kwenye ile mizunguko ya shaba, ule ukali wa juu umezimika. Mpiga gitaa yeyote mwenye huzuni anajua kwamba seti ya wiki tatu ni bora kuliko seti ya leo. Yangu ilikuwa imepitiliza: kwa chumvi ya pwani hii, zilikuwa zimeota kutu, na uzi wa tatu ulikuwa umekatika nikaufunga fundo.

"Mzee, chukua hizi," kijana wa dukani akaniambia. "Zinalia balaa."

"Nataka zisizolia balaa."

Akanitazama. Nikamfafanulia: sauti iliyopoa, isiyochoma. Akaingia ndani akarudi na seti nyingine. "Hizi nazo zinalia, ila si sana." Bei ilikuwa juu zaidi. Nikamuuliza tofauti ni nini, akageuza pakiti nyuma na mbele, akasema zile ni za njano na hizi zina wekundu. Nitamtendea haki: alikuwa karibu na ukweli. Zile za njano zimeviringishiwa shaba yenye zinki, zina ukali. Zile zenye wekundu ni shaba yenye bati na fosforasi kidogo, na wengi wanakubaliana kwamba ndizo zenye joto zaidi. Nikamuuliza kama anazo zilizotumika. Hapo akamwita mwenzake aje anione.

Mwenzake, kijana mwerevu, akasema kama nataka upole nichukue nyuzi za nailoni. Ni kweli, nailoni ina upole wa kuzaliwa nao. Zamani nyuzi hizo zilikuwa utumbo wa kondoo, kabisa, utumbo huu tunaougombania kwenye supu, mpaka miaka ya 1940 fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, alipozitengeneza za nailoni na Andrés Segovia, mfalme wa gitaa la Kihispania, akazikubali. Ila gitaa langu limejengewa chuma. Seti ya kawaida ya chuma inavuta ule ubao wa mbele kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Ni mtu mzima mmoja amening'inia kwenye daraja usiku na mchana. Nailoni inavuta kama nusu ya hapo. Ukiifunga kwenye gitaa la chuma, ubao hautikisiki vya kutosha, unapata sauti ya gitaa lililoko nyumba ya pili. Nikanunua zile zenye wekundu, nikaenda nyumbani kuzizeesha. Mke wangu alinikuta sebuleni nimeshika uzi mmoja mmoja naupaka mafuta ya vidole baada ya kula samaki wa kukaanga. Hakuuliza kitu. Ameolewa nami muda mrefu.

Baada ya nyuzi inakuja mikono, na hapa kwa mara ya kwanza nilipata kitu cha bure.

Uzi wa gitaa hautikisiki mzima tu. Unatikisika pia nusu nusu, theluthi theluthi, robo robo, na hivyo vipande vidogo ndivyo vinavyoleta ukali. Ukichapa karibu na daraja unaviamsha vyote, sauti inakuwa nyembamba, yenye makucha. Ukisogea kwenye tundu inajaa. Ukilivuka tundu kabisa, mkono ukakaa pale shingo inapoingia kifuani, ukali unakatika. Ukichapa katikati halisi ya uzi, juu ya freti ya 12, vile vipande vya nusu na robo havipati pa kuamkia, na inabaki sauti ya mviringo, ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anasimulia. Hakuna kifaa kinachouzwa chenye kazi hiyo. Ni kusogeza mkono sentimita ishirini. Ndiyo maana hakuna anayekwambia: hakuna anayepata kamisheni.

Pili, tupa kile kipande cha plastiki. Tumia nyama ya dole gumba, si kucha. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952, alikuwa akitumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Viwili! Dole gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinaongea juu yake, ukisikiliza "Masanga" unaapa wapigaji wapo wawili na mmoja wao ana haraka. Mimi nina vidole vitano na nusu ya mwendo wake, na bado vinagongana. Lakini kwa sauti ile ya nyama ya kidole, ile isiyo na ncha, nilianza kuisogelea. Nikaongeza na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakiingiza chini ya nyuzi hapo kwenye daraja ili zisivume muda mrefu. Sponji ilikuwa mpya. Hilo nalo nilisemwa.

Tatu, nikashusha gitaa zima toni moja. Ule uzi mnene wa E, mitetemo 82 kwa sekunde, ukawa D, mitetemo 73. Nyuzi zikilegea zinapoa, zinakuwa na uvivu mzuri. Kwa kawaida zikilegea namna hiyo zinaanza kugonga freti na kuzomea, lakini kumbuka gitaa langu lina tumbo: nyuzi ziko juu mno kiasi kwamba hata zikilegea hazifiki. Ni mara pekee ambayo unyevu wa mji huu umenifanyia hisani.

Sasa niko tayari. Vidole vipo, nyuzi zimezeeka, wimbo uko F kwa sababu ya kule kushusha. Kilichokosekana ni nchi yenye ukimya.

Maiki niliazima kwa kijana wa kwaya. Watu wengi wanaielekeza kwenye tundu, wakidhani sauti inatokea humo, na wanachopata ni mngurumo. Iweke sentimita 20 hadi 30 mbele ya pale shingo inapokutana na mwili, hapo ndipo gitaa linaposema kistaarabu. Ukiisogeza karibu zaidi besi inapanda yenyewe, na kwa mimi niliyetaka joto hiyo ilikuwa zawadi, kwa kiasi. Kilichofuata ni mwangwi. Sebule yetu ina vigae chini na simenti pande zote. Ukipiga chafya, inakujibu. Nikasimamisha magodoro mawili ukutani, nikaning'iniza mablanketi dirishani, nikafungua milango ya kabati la nguo nikakaa nimelipa mgongo. Sauti ikafa vizuri. Na mimi nikaanza kufa, kwa sababu feni ilibidi izimwe. Mchana wa Februari, madirisha yamefungwa, blanketi juu ya blanketi. Kamati ilitaka joto. Ningeliweza kuwachotea kwa ndoo.

Nikasikiliza nilichorekodi. Chini ya gitaa kuna mtu anavuma.

Ni friji. Umeme wetu ni hetsi 50, na hetsi 50 ukiipeleka kwenye gitaa ni G, ila G iliyopanda kidogo, ya mwanakwaya asiyependa kusahihishwa. Ningebaki kwenye G ya awali, pengine tungeelewana, mimi na friji, kwa kuvumiliana. Lakini mimi nimeshuka F. Kila nikitulia kwenye koodi ya mwisho ili majonzi yakae, friji linashikilia neno lake. Nikalichomoa. Samaki wa mke wangu wakayeyuka. Sitaki kuliongelea.

Nikahamia usiku. Usiku mtaa wa pili ulikuwa na kigodoro. Kwa wasioishi huku, kigodoro ni sherehe ya mtaani inayoanza watu wengine wanapolala na kumalizika wanapoamka, na spika zake zinasikilizwa zaidi na tumbo kuliko masikio. Nilikuwa nikijaribu kurekodi wimbo wa harusi, na harusi ya wengine ilikuwa ikinizuia. Saa tisa kigodoro kikatulia, mbwa wakaanza kutoa maoni. Saa kumi jogoo wa mwenye nyumba, ambaye tungekuwa na serikali ya mtaa yenye nia angekuwa ameshitakiwa, akaingia na sauti yake ya trebo tupu. Ikafuata adhana, na adhana siilalamikii. Niliweka gitaa chini kama inavyopasa.

Halafu, jioni iliyofuata, umeme ukakatika.

Sijawahi kuupenda mji huu namna ile. Friji kimya. Feni za majirani kimya. Baa ya kona, ambayo kwa kawaida inapiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja, kimya. Kompyuta ilikuwa na chaji. Nikakaa gizani ndani ya magodoro yangu, jasho likishuka hadi kwenye kiwiko, nikapiga. Dole gumba likatulia, mkono ukakaa juu ya shingo, mwendo ukajivuta wenyewe, na gitaa lile bovu lenye ufa na tumbo likatoa sauti ambayo nilikuwa naisikia kichwani tangu niombwe. Nene, ya chini, haina haraka. Nikafika mwisho wa wimbo, nikaacha koodi ya F izimike yenyewe. Ilipobaki sekunde moja hivi, baa ikawasha jenereta.

Nimeuacha hivyo hivyo. Aliye na masikio atasikia jenereta likikohoa mwishoni, na kwa kweli linaingia kwenye mdundo.

Nikamkabidhi mpwa wangu mwingine, huyu anayejua simu, autume kwenye kundi la kamati. Badala ya kutuma faili, akaweka simu mbele ya spika akaurekodi upya kama ujumbe wa sauti. Simu za siku hizi zimefundishwa kwamba chochote kisicho maneno ni kelele, kwa hiyo kila noti iliyokuwa inataka kudumu ilikatwa shingo. Kazi yote ile ya sponji na samaki ikawasili kwa kamati vipande vipande. Na bado, namshukuru Mungu, huzuni ilipita. Najua ilipita kwa sababu mtu wa kwanza kujibu alikuwa shangazi wa Tanga, na aliandika: "Poleni sana. Nani amefariki?"

Wengine wakaanza kuandika poleni kabla hawajasikiliza. Mjomba wa Moshi akauliza mazishi ni lini. Ilimchukua mwenyekiti nusu saa kuwatuliza watu, na mtu mmoja alikuwa ameshatuma rambirambi, ambayo mweka hazina wa kamati, mtu makini, hakuirudisha.

"Mjomba," mwenyekiti akanipigia, "tulisema yasizidi."

Wimbo ukapelekwa kwa DJ "akaupunguze". Nilimfuata mwenyewe. Nikamkuta kijana mpole, ana heshima, ananiita mzee kila baada ya maneno matatu. Mbele yake kuna ikwalaiza yenye vishikizo mstari mzima, na vyote amevipanga kwa umbo la tabasamu: besi juu, trebo juu, katikati pamezama. Nikamweleza kwamba sauti ya gitaa na ya binadamu inaishi humo katikati anamozamisha. Akipandisha trebo atafufua kila ukali niliouzika. Nikamwomba kwa wimbo wangu tu, dakika tatu, avilaze vishikizo vyote sawasawa. Akasema, "Sawa, mzee." Ninaijua hiyo sawa. Fundi bomba wangu anayo, fundi cherehani wangu anayo.

"Ila mzee," akaongeza, "wimbo mzuri, lakini umelala. Ukiuongezea kasi hapa, unajua unakuwa nini?"

Nikamwambia sijui na sitaki kujua. Akabonyeza. "Malaika" wangu wa gizani, uliotembea taratibu nyuma ya magodoro mawili, ukaruka hadi mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, ukatoka sauti ya panya aliyepata habari njema. Akaweka na ngoma chini yake. Singeli kamili. Lile jenereta la baa, kwa kasi hiyo, limekuwa ndilo linaloita watu wacheze.

Ameshautuma kwenye kundi, faili zima safari hii, na shangazi wa Tanga ndiye aliyewahi tena kujibu: "Haya, sasa hii ndiyo Malaika. Nani kapiga gitaa?"